Bibi wa Mwaka wa Joka

Nilikuwa nimeshaamua kumwangusha Gil Myeong-ju kabla sijamwambia hata kosa lake moja. Nalitanguliza hili ili nisije nikajipendelea huko mbele.

Gil alikuwa mwanagenzi wangu wodini. Kwetu muuguzi mpya hufuatana na muuguzi mzoefu kwa wiki nane: anatazama, anafanya, anasahihishwa. Wiki ya tisa anapewa wagonjwa wake na kusimama peke yake. Ijumaa ya wiki ya nane msimamizi hupeleka fomu kwa muuguzi mkuu, na katika kurasa zote nne za fomu ile mstari wenye maana ni mmoja tu, ule wa mwisho: anasimama, au hasimami. Asiyesimama hukusanya viatu vyake na kwenda.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mimi thelathini na mmoja. Hapa mjini kwetu Andong watu wawili wakikutana, kabla chai haijapoa kila mmoja ameshajua nani kamzidi mwenzake umri, na maneno hupangwa kuanzia hapo. Nje ya hospitali ningemwita Gil dada na kumpokea mzigo. Ndani ya wodi sote tunaitana mwalimu, lakini mwalimu na mwalimu hawalingani: mimi nilikuwa na miaka minane kazini, yeye wiki nane. Basi kila nilipotaka kumsahihisha, ulimi ulinikwama katikati ya dada na mwanagenzi, nikaona heri ninyamaze.

Alikuwa na duka la vitoweo sokoni kwa miaka kumi na minne: kabichi ya pilipili, figili iliyokaushwa, dagaa wa kukaanga na asali. Mama yake alipougua na kufia mikononi mwa wauguzi waliomtunza vizuri, Gil aliuza duka, akaenda chuo na watoto wa umri wa binti yake. Hospitali ya kwanza iliyomwajiri ilikuwa jiji jirani. Huko walimuunguza.

Kuunguza ni neno letu la kazini. Wauguzi wakongwe humsimamisha mgeni mbele za watu, humuuliza asichokijua, humcheka, na kesho yake tena, mpaka abaki majivu. Gil alidumu miezi mitatu. Hii yetu ilikuwa hospitali ya pili, na mwanamke wa miaka arobaini na miwili aliyeshindwa kwenye hospitali mbili, ya tatu haifungui hata bahasha yake. Yeye alilijua hilo, na mimi nililijua.

Na mimi niliunguzwa. Aliyeniunguza ni Mwalimu Seok, na mpaka leo yupo kwenye wodi ile ile, zamu ya mchana, nywele kazibana kama anaenda vitani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natapika bafuni kila nikisikia lifti inafunguka. Siku nilipoambiwa nami nitasimamia wageni niliapa: mimi sitamuunguza mtu. Nikajiona mtu mwema sana, na nikaishi na wema huo kwa wiki nane.

Wema wenyewe ulikuwa hivi. Gil akibandika plasta ya dripu vibaya, nilisema sawa tu, akitoka naibandua na kubandika upya. Akiandika taarifa ya mgonjwa ndefu kama barua ya mchumba, nilisema sawa tu, kisha naketi kuifupisha. Chai yangu ya shayiri ilipoa kila siku mezani kwa sababu hiyo. Alikuwa akiniuliza, "Mwalimu Pyo, hapa nimekosea?" Namjibu, "Hapana, uko sawa. Umeelewa, sivyo?" Naye anasema, "Ndiyo, nimeelewa."

Kilichonikera kuliko vyote ni polepole yake. Hakuweza kumpima bibi presha bila kupiga naye soga. Alikuwa na swali lake moja alilowauliza wazee wote: "Bibi, wewe umezaliwa mwaka wa mnyama gani?" Kwetu kila mwaka una mnyama wake, kumi na wawili wanapokezana: Sungura, kisha Joka, kisha Nyoka, na kuendelea. Basi bibi anasema Sungura, au Ng'ombe, wanacheka, wanaanza habari za mume aliyezaliwa mwaka wa Jogoo na kelele zake, na mimi nimesimama mlangoni na wagonjwa kumi na mmoja wengine kichwani.

Alhamisi ya wiki ya nane, asubuhi, muuguzi mkuu aliniita. Anaitwa Ham, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo mtu hulazimika kuinama kuisikia.

"Kesho nataka fomu ya Gil," alisema. "Vipi?"

"Ni mtu mzuri sana, Mama Mkuu."

"Sikuuliza kama nimwoze kaka yangu. Anasimama?"

Nikatazama vidole vyangu. "Sidhani."

"Yeye anajua kwamba hudhani?"

Muuguzi mkuu Ham akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti.

"Leo, kabla hujatoka, utamwambia. Usoni kwake, si kwa fomu."

Nilitoka pale nikarudi wodini. Siku nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mtu mzima kwamba duka alilouza limeuzwa bure.

Chumba namba 507 kina vitanda sita, na wiki ile kilijaa mabibi watupu. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka mapumziko ya siku mbili, kwa hiyo wengi walikuwa wageni kwetu. Na ukitaka kuwatofautisha mabibi wa hapa kwa nywele utapata tabu, maana wote hutengenezwa saluni moja ya sokoni, mawimbi yale yale madogo madogo, kichwa kama koliflawa. Kando ya dirisha alilala Bibi Tak Sun-rye, aliyekuwa akivuja damu tumboni. Daktari alikuwa ameagiza aongezwe damu mchana. Karibu na mlango alilala Bibi Yeom Gap-sun, mwenye mapafu mabovu na masikio mabovu zaidi.

Mkono wa Bibi Tak ulikuwa umevimba kwa dripu ya usiku. Ule utepe wa jina wa mkononi ulikuwa unambana, nikaukata kwa mkasi. Nikautundika kwenye chuma cha kitanda.

"Tumfunge mwingine mguuni?" Gil aliuliza.

"Baadaye," nikasema. Nilikuwa na haraka. Na yeye akakaa pale pale, akaanza kupima presha, na swali lake.

"Bibi, mwaka wa mnyama gani?"

"Nyoka," Bibi Tak akasema. "Ndiyo maana sikuolewa mapema. Nani anataka nyoka jikoni?"

"Nyoka ana akili, bibi."

"Mwambie mama mkwe wangu huko kaburini."

Wakacheka wote wawili. Nikatazama saa.

Damu ililetwa saa saba na nusu. Mfuko wa damu hauunganishwi na mtu mmoja. Wauguzi wawili huusoma kwa sauti mezani, namba na kundi, kisha husoma tena mbele ya mgonjwa, na mgonjwa huulizwa jina na siku ya kuzaliwa. Huu ulikuwa wa kundi A. Tuliusoma mezani, tukaenda nao chumbani, Gil ameushika kwa mikono miwili kama mtu abebaye bakuli la supu lililojaa.

Chumba kilikuwa kimetulia baada ya chakula. Pazia la kitanda cha mlangoni lilikuwa limefungwa, nyuma yake mtu anakoroma. Bibi wa kando ya dirisha alikuwa kajifunika shuka mpaka kidevuni, anatazama nje. Nikachukua kile kimashine cha kusomea utepe, nikakielekeza kwenye utepe uliotundikwa kwenye chuma. Kikalia, taa ya kijani ikawaka.

Nikapaza sauti. "Wewe ni Bibi Tak Sun-rye, sivyo?"

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, ndiyo."

"Haya," nikamwambia Gil. "Unganisha."

Gil hakuunganisha. Aliinama, akaweka mdomo karibu na sikio la bibi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, ulizaliwa lini?"

"Mwezi wa tisa," bibi akasema. "Tarehe ishirini."

Kwenye karatasi ilikuwa mwezi wa pili. Nikapumua kwa nguvu. "Hiyo ni ya kalenda ya mwezi mwandamo, Mwalimu Gil. Wazee hawa wote hutaja ya zamani, na kwenye makaratasi imeandikwa nyingine. Kila siku ndivyo hivyo. Unganisha, tuna kazi."

Nilisema kweli. Kila siku ndivyo hivyo. Katika mabibi kumi wa umri ule, wanane hutaja siku isiyolingana na karatasi. Zamani mtoto hakuandikishwa mpaka wazazi waone kama ataishi, au mpaka baba apate nafasi ya kwenda mjini. Tukaizoea ile tofauti, na mimi nilimfundisha Gil aizoee. Ni moja ya mambo machache niliyomfundisha kwa mdomo wangu.

Gil akainama tena. "Bibi, mwaka wako ni wa mnyama gani?"

Hapo kidogo nimfokee. Wiki nane za wema zilikuwa zimenifika kooni.

"Joka," bibi akasema.

Gil akasimama wima. Ule mfuko alikuwa bado kaukumbatia. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Mwalimu Pyo, subiri kidogo."

"Nini tena?"

"Asubuhi alisema Nyoka."

"Ana miaka themanini na kitu. Anasahau."

"Nimeuza vitoweo miaka kumi na minne," alisema. "Bibi atasahau jina la mkwewe. Atasahau kama amelipa. Mnyama wake hasahau."

Sasa hebu fikiri. Huyu ni mtu aliyeunguzwa akafukuzwa hospitali moja kwa sababu alidiriki kumjibu mkubwa wake. Anajua kesho fomu yake inapelekwa. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, na nimeshamwambia mara mbili aunganishe. Na hakuwa na cha kushika isipokuwa mnyama.

"Samahani," akasema. "Sitaunganisha."

Akauweka mfuko kwenye toroli, akafunua shuka. Bibi alikuwa amevaa sweta ya mikono mirefu. Gil akaikunja ile mikono pole pole, kwanza wa kulia, hakuna kitu, kisha wa kushoto. Utepe ulikuwepo. Akausoma kwa sauti kama ilivyo sheria.

"Yeom Gap-sun. Kundi O."

Mtu wa kundi O akipewa damu ya kundi A, dakika chache tu zinatosha kumuua. Sitaeleza zaidi. Niliona mara moja, mwaka wangu wa pili, hospitali nyingine nilikokwenda kwa mafunzo, na sipendi kuikumbuka. Nikashika chuma cha kitanda, pale pale kwenye ule utepe nilioutundika mwenyewe.

Mkoromo nyuma ya pazia ukakatika. Pazia likasogezwa, kichwa cha pili cha koliflawa kikachungulia.

"Mnanitafuta mimi?" Bibi Tak akauliza. "Niko huku. Nimempisha dada."

"Dada gani?" nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Huyu. Tulikuwa tunakula, nikamuuliza mwaka wake, kumbe Joka! Mwaka mzima kanizidi. Na siku zote makaratasi yao yanasema mimi ndiye mkubwa. Baba yake alimwandikisha akiwa na miaka mitatu." Akashusha miguu kitandani, akatafuta ndala. "Sasa mimi mdogo nilale kwenye jua, dada alale mlangoni kwenye upepo? Ningejibu nini kwa watu? Tukabadilishana. Yule mama anayetusaidia chumbani alitubebea mito."

Bibi Yeom, ambaye hakusikia hata neno, akatutabasamia wote. "Hapa pana joto zuri," alisema.

Gil akaanza kucheka, kisha akaona hacheki tena, analia. Akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na glavu. Mimi sikulia wala sikucheka. Nilihisi kitu kikubwa kinashuka kutoka mabegani mpaka sakafuni. Bibi Yeom alikuwa anapumua. Alikuwa analalamikia mto wake. Sijapata kufurahia lalamiko la mgonjwa kama siku ile.

Tukafanya kila kitu upya. Nilimfunga Bibi Tak utepe mguuni kabla ya lolote. Nikamwambia Gil aulize yeye, na mimi nikanyamaza. "Bibi, jina lako nani?" aliuliza, akangoja. Bibi akalitaja mwenyewe, na siku, na Nyoka wake. Damu ikaanza kushuka tone kwa tone mahali ilipotakiwa kushuka, na Gil akakaa naye zile dakika kumi na tano za mwanzo bila kuondoka.

Hakuna aliyeona. Hilo lilinijia kichwani, sitasema uongo. Hakuna damu iliyoingia kwa mtu, hakuna ndugu aliyekuwepo, na mabibi walikuwa wanazungumzia dirisha. Gil asingesema, maana amefundishwa na moto kunyamaza. Ningeweza kuliacha lipite, na fomu ya kesho ningeiandika vyovyote. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Na keshokutwa mwanagenzi wa mtu mwingine angesimama mbele ya bibi mwingine, amezoea tofauti zile zile, akiwa na msimamizi anayetazama saa.

Saa nane na nusu zamu ya mchana iliingia, na Mwalimu Seok mbele yao. Makabidhiano kwetu hufanywa kwa kusimama, wote tumezunguka meza. Gil alisoma wagonjwa wake, na Mwalimu Seok akaanza kama kawaida yake.

"Bibi Tak damu imeanza saa nane na dakika tano. Ililetwa saa saba na nusu. Hizo dakika thelathini na tano ulikuwa unaipikia kitoweo?" Watu wawili wakacheka. "Samaki mkunje angali mbichi, lakini tunaletewa samaki mkavu, ukimkunja anavunjika."

Gil akainamisha kichwa. Nikasikia lifti inafunguka kule nje, na tumbo langu likakumbuka miaka minane iliyopita.

"Mimi ndiye niliyeichelewesha," nikasema. "Niliukata utepe wa Bibi Tak asubuhi nikautundika kitandani. Mabibi wakabadilishana vitanda. Nilimuuliza mgonjwa kwa kumtajia jina, akaitikia. Nilimwamuru Mwalimu Gil aunganishe, mara mbili. Yeye akakataa. Kama asingekataa, saa hizi tungekuwa tunazungumza na polisi."

Mwalimu Seok alinitazama, midomo wazi kidogo. Muuguzi mkuu Ham alikuwa amesimama nyuma yetu, na hakuna aliyemsikia akija.

"Nani alikata?" akauliza kwa ile sauti yake.

"Mimi."

"Nani alimtajia jina?"

"Mimi."

"Andika ripoti ya tukio kabla hujatoka. Jina la aliyezuia liwe juu." Akamgeukia Seok. "Na wewe, endelea kupokea wagonjwa. Ukiwa na swali, liwe la mgonjwa."

Ikawa imekwisha. Miaka minane nilidhani ukisema kosa lako mbele ya meza ile dari litaanguka. Halikuanguka. Seok akafungua ukurasa mwingine.

Baadaye nilimpeleka Gil kwenye kile chumba kidogo cha chai. Nikamimina vikombe viwili. Nilikuwa bado nina agizo la asubuhi: usoni kwake, si kwa fomu.

"Mwalimu Gil," nikaanza, "leo asubuhi nilimwambia Mama Mkuu kwamba husimami."

Alikishika kikombe chake, akatulia. "Nilijua."

"Ulijuaje? Sijakwambia kosa hata moja."

"Ndiyo maana nikajua." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mdogo wake. "Plasta zangu nabandika pembe wima. Wewe unazikunja. Kila nikirudi kwa mgonjwa nakuta pembe zimekunjwa. Ulidhani sioni? Kule nilikotoka waliniunguza, lakini mtu akiungua anajua moto uko upande gani. Kwako naambiwa sawa tu, sawa tu, halafu nakuta kazi yangu imebanduliwa. Nimelala macho wiki nane nikitafuta nilikosea wapi."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka kwenye nywele. Nilimwambia samahani, na nikamwita dada. Ilinitoka tu.

"Samahani nimeipokea," akasema. Akatoa daftari mfukoni. "Sasa nipe makosa yangu. Yote. Usiniachie hata punje."

Nikampa. Pembe za plasta hukunjwa ili zisishike shuka. Taarifa ya mgonjwa ianze na kilichobadilika leo, si na historia ya ukoo. Kabla ya kuingia chumbani beba vyote, usirudi mara tatu. Alikuwa anaandika haraka, kichwa kinaitikia, na uso wake ulikuwa unafunguka jambo baada ya jambo kama mtu anayerudishiwa vitu vyake vilivyoibwa. Tulikuwa tunacheka kufikia la sita.

"Na zile soga?" akauliza. "Niache?"

"Ukiacha nitakuchapa. Ila mikono iendelee kufanya kazi."

Akafunga daftari. "Na mimi nina moja lako. Naweza?"

"Sema."

"Unauliza swali ukiwa umeshaweka jibu ndani. Wewe ni Bibi Tak, sivyo? Umeelewa, sivyo? Mtu atajibu nini zaidi ya ndiyo? Wiki nane nimekujibu ndiyo, kama yule bibi asiyesikia."

Nikachukua kalamu, nikaliandika kosa hilo kwenye mkono wangu.

Ijumaa nilipeleka fomu. Kwenye sehemu ya maelezo, ambayo kwa kawaida hujazwa "ana bidii" au "ana heshima", nilikuwa nimeandika sentensi moja: Nilimwambia aunganishe, akaniambia subiri. Muuguzi mkuu Ham aliisoma mara mbili.

"Plasta zake bado zinaachia?"

"Leo hapana."

"Na bado mpole wa mwendo."

"Bado. Nimemwambia. Anajua."

"Anasimama?"

"Anasimama, Mama Mkuu."

Akatoa muhuri wake kwenye kijaluba, akaupulizia pumzi, akaugonga kwenye ule mstari wa mwisho. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "Na wewe ndiyo unaanza kusimama." Nilitoka pale mwepesi, nikashuka ngazi kwa miguu badala ya lifti.

Jumatatu Gil alikuwa na wagonjwa wake sita, jina lake peke yake ubaoni. Mimi nilikaa mezani na wangu. Kila akipita na toroli macho yangu yalimfuata yenyewe, mikono ikiniwasha kwenda kukagua, nikaikalia. Bibi Yeom alikuwa bado kando ya dirisha. Kadi ya kitanda sasa ilikuwa na jina lake, na Gil alikuwa amechora chini yake kijoka kidogo kwa kalamu ya bluu.

Saa nne asubuhi alinijia na swali kuhusu dawa ya Bibi Tak. Lilikuwa swali dogo, la kijinga kidogo, ambalo mtu wa wiki ya tisa angeona haya kuliuliza. Nilifungua mdomo kusema si unajua, sivyo, nikaona ule mkono wangu. Kila wino ulipofifia nilikuwa nikiliandika upya kosa lile.

"Hebu nieleze wewe," nikamwambia. "Utafanyaje?"

Akanieleza hatua kwa hatua. Akakosea mahali pamoja. Nikamwonyesha pale alipokosea, akasema, "Haya, nimepaona," akaenda zake na toroli lake. Sikuinuka kumfuata. Nikanywa chai yangu, na ilikuwa bado ya moto.